Hadithi za Mapenzi Nyumbani: Mgeni au Mwizi?



Mwezi huu tutazame jambo ambalo wengi huliona dogo, hata huona haya kulileta mbele ya padre au katekista. Ni jambo la riwaya za mapenzi na tamthilia za runinga. Katika semina za wanandoa swali hili halikosi kujitokeza, na kwa kawaida huja kama malalamiko. Bwana husimama na kusema: "Mke wangu hulia machozi kwa ajili ya mtu wa kwenye runinga aliyeachwa na mchumba wake, lakini mimi nikirudi nimechoka hata haniulizi nimeshindaje." Bibi naye hujibu: "Tangu saa kumi na moja alfajiri sijakaa chini. Nimechota maji, nimepika, nimelima, nimefua, nimeogesha watoto. Hiyo saa moja ya tamthilia ndiyo yangu peke yangu. Hata hiyo unaionea wivu?"

Watu wote hucheka. Lakini ukiwatazama hao wawili utaona kwamba wao hawacheki. Ziko nyumba ambamo bwana ametoa betri za rimoti na kwenda nazo kazini mfukoni. Ziko nyumba ambamo kitabu hufichwa ndani ya debe la unga. Basi jambo hili si la mchezo. Hebu tujiulize: je, mtu mwenye ndoa anayefurahia hadithi za mapenzi anamwibia mwenzake? Na kama anamwibia, anamwibia kitu gani hasa?

Si jambo la leo

Wako wanaofikiri kwamba shida hii ililetwa na runinga. Sivyo. Kabla ya runinga kulikuwa na riwaya. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa mjini London mwaka 1908, na vitabu vyake vidogo vilifika mpaka kwetu. Wasichana wa shule za sekondari walivisoma darasani vikiwa vimefichwa ndani ya kitabu cha jiografia, vikapita mkono hadi mkono mpaka majalada yakachanika. Miaka ya 1990 tukaona tamthilia za Meksiko kama The Rich Also Cry, iliyotengenezwa huko mwaka 1979, na miaka hiyohiyo tukawa na yetu ya Kiswahili, Tausi, katika KBC. Mwaka 2019 Citizen ikatuletea Maria. Leo mtu anaweza kuwa na hadithi kumi kwenye simu yake, akazisoma sura moja moja akingoja matatu ijae.

Lakini twende nyuma zaidi. Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyezaliwa Hispania mwaka 1515, ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba mama yake, Beatriz, alipenda sana kusoma hadithi za mashujaa wapanda farasi. Hizo ndizo zilizokuwa tamthilia za siku zile: vita, safari, na mabibi waliopendwa kwa mbali. Baba yake Teresa hakuzipenda hata kidogo, kwa hiyo mama na watoto walizisoma kwa kuangalia asije akawaona. Unaona, msomaji? Debe la unga lilikuwapo tangu zamani.

Teresa anasema mambo mawili ambayo yafaa tuyaweke pamoja. Kwanza, mama yake hakudhurika kama yeye, kwa maana hakuacha kazi zake kwa ajili ya vitabu hivyo. Anafikiri kwamba huenda mama alivisoma ili asiwaze mno taabu kubwa alizokuwa nazo. Pili, Teresa mwenyewe alidhurika. Alisoma mchana na usiku, na ikafika mahali akawa hana raha kabisa asipokuwa na kitabu kipya.

Vitabu ni vilevile na nyumba ni ileile, lakini wasomaji ni wawili. Mmoja alipata pumziko, mwingine akapoteza raha yake. Kwa hiyo hatuwezi kutoa hukumu kwa kutazama jalada la kitabu tu. Ni lazima tumtazame msomaji: aliingia katika hadithi akiwa na nini, na ametoka akiwa na nini.

Kupumzika ni haki ya kila mmoja

Kabla ya kumlaumu mtu yeyote, tukubali kwanza kwamba mwanadamu anahitaji kupumzika. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, akaamuru kwamba hata mtumishi, hata mgeni, hata punda apumzike. Katika nyumba nyingi za kwetu, mtu ambaye siku ya saba haimfikii ni mama. Jumapili ndiyo siku ya wageni, na wageni hula. Akipata saa moja jioni, kati ya habari za saa moja na habari za saa tatu, akaketi na kuinua miguu, hajaiba. Amelipwa sehemu ndogo ya deni lake.

Nanyi mabwana, tusemezane ukweli. Bwana anayekwenda kutazama mpira wa Uingereza kila Jumamosi na kurudi saa nne usiku hana haki ya kusema kwamba mkewe anapoteza wakati kwa kuwapenda watu asiowajua. Hata yeye hawajui wachezaji wale, wala wao hawamjui, na walipofungwa alikosa hamu ya chakula. Mpira na tamthilia ni ndugu wa baba mmoja. Vyote viwili humpa mtu aliyechoka nafasi ya kufurahi na kuhuzunika bila gharama, kwa ajili ya mambo ambayo hayataleta bili nyumbani. Kama cha mmoja ni burudani, cha mwingine nacho ni burudani. Kama cha mmoja ni upotevu, basi wote wawili wajirekebishe.

Wala tusidhani kwamba Kanisa linadharau hadithi za kubuniwa. Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye katika ujana wake alifundisha fasihi katika shule ya sekondari kule Argentina, aliandika barua nzima mwezi Julai 2024 kuhusu faida ya kusoma riwaya na mashairi. Alikuwa anawafikiria kwanza wanaojiandaa kwa upadre, lakini akasema yanawahusu Wakristo wote. Maana yake ni kwamba mtu anayesoma maisha ya wengine hujifunza kuuona moyo wa mwanadamu kutoka ndani, na pia kujielewa mwenyewe. Kweli hakuwa anazungumzia kila kijitabu chenye picha ya mabusu kwenye jalada. Lakini mlango aliufungua, na hatuna sababu ya kuufunga.

Hadithi hutufundisha kusema

Wengi wetu tulilelewa na wazazi waliopendana bila kusema. Baba alionyesha upendo wake kwa kuleta nyama mwisho wa mwezi. Mama alionyesha wake kwa kumwekea kipande kikubwa na kunyamaza. Ilikuwa lugha safi, nasi hatuidharau. Lakini ilikuwa na maneno machache, na siku mambo yalipoharibika hapakuwa na maneno ya kuyatengeneza. Mmoja alinuna, mwingine akanuna, miaka ikapita.

Sasa mtu aliyekulia katika kimya hicho anapomsikia mwanamume wa kwenye tamthilia akisema, "Nilikukosea, nisamehe," huguswa. Mara nyingi hakimgusi kile kifua kipana wala lile gari. Kinachomgusa ni kusikia kwamba maneno hayo yanaweza kutamkwa na mwanamume akabaki mwanamume. Bwana anayeona wivu angejiuliza: mke wangu anatafuta nini pale? Huenda akagundua kwamba kinachotafutwa kinapatikana bila fedha. Ni kuulizwa "umeshindaje?" na kungojewa jibu.

Biblia yenyewe haikuona aibu kusimulia mapenzi. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 29, kinaeleza jinsi Yakobo alivyomtumikia Labani miaka 7 kwa ajili ya Raheli, na miaka hiyo aliiona kama siku chache kwa jinsi alivyompenda. Wimbo Ulio Bora wote ni mazungumzo ya wapendanao. Na tusimsahau nabii Natani. Mfalme Daudi alipomchukua mke wa Uria na kumuua Uria, Natani hakuanza kwa kumkaripia. Alimsimulia hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja tu. Daudi akawaka hasira juu ya tajiri yule, na hapo ndipo Natani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Hadithi ilifika mahali ambapo mahubiri yasingefika, kwa sababu Daudi alikuwa ameacha mlango wazi. Nasi tunapotazama tamthilia huacha mlango wazi. Kwa hiyo mema yanaweza kuingia, na mabaya pia yanaweza kuingia.

Uongo wa aina mbili

Basi tuyatazame mabaya. Hapa sizungumzii picha na maandishi machafu yanayouza miili ya watu. Hayo yanajulikana, na Bwana wetu alishasema wazi juu ya jicho la kutamani. Nazungumzia hadithi za kawaida ambazo hazina matusi, na bado zinaweza kuharibu nyumba.

Riwaya ya mapenzi hutudanganya kuhusu mwisho. Kanuni ya riwaya za namna hiyo ni kwamba wapendanao lazima waishie pamoja kwa furaha. Msomaji anajua hivyo kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, na ndiyo sababu anaipenda: kuna jambo moja duniani ambalo hakika litaisha vizuri. Lakini angalia mahali kitabu kinapoishia. Kinaishia kwenye harusi au kwenye posa, yaani pale hasa ambapo ndoa inaanza. Mwandishi amewafikisha mlangoni, akazima taa na kwenda zake. Hakuna sura ya karo ya muhula wa pili. Hakuna sura ya mama mkwe aliyekuja kwa wiki moja akakaa miezi mitatu. Hakuna sura ya mtoto mwenye malaria usiku wa manane, wala ya bwana aliyeachishwa kazi akawa mkali kwa sababu ya aibu. Mwanamume wa riwaya hakoromi kwa sababu kitabu kimefungwa kabla hajalala.

Mtu akimpima mwenzake kwa kipimo hicho, anamwonea. Anamlinganisha mtu wa miaka 15 ya ndoa na mtu wa kurasa 180 za uchumba. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako umechakaa kwa sababu umeukalia. Ule msala mpya ni mpya kwa sababu haujakaliwa na mtu.

Tamthilia nayo hutudanganya kuhusu mazungumzo. Riwaya inataka kufika mwisho, lakini tamthilia inaogopa mwisho, kwa sababu lazima kesho iendelee. Fikiri, msomaji: ni mara ngapi umeketi mbele ya runinga ukasema, "Lakini kwa nini asimwulize tu?" Bibi ameona barua, hakuuliza. Bwana amesikia uvumi, hakuuliza. Wangeketi kwenye meza dakika tano wakasema ukweli, shida ingeisha, na kipindi nacho kingeisha. Kwa hiyo mwandishi huwanyima hizo dakika tano kwa vipindi mia mbili. Watu husikiliza milangoni, hupekua simu, huamini maneno ya adui, hulipiza kisasi kabla ya kuuliza.

Tunaposhinda na watu wa namna hiyo kila jioni, tunaweza kuzoea mwendo wao. Bwana akichelewa, wazo la kwanza linakuwa lile la kwenye tamthilia. Bibi akicheka na jirani, bwana naye anaanza kuunganisha mambo kama mpelelezi. Nyumba zetu hazihitaji kuendelea kesho kwa njia ya siri na mashaka. Sisi tunaruhusiwa kutumia zile dakika tano.

Haki na pambo

Hapa yafaa tuwe waangalifu sana, kwa maana kuna wanaotumia maneno kama niliyosema hivi punde ili kuwanyamazisha wenzao. Bwana anayempiga mkewe, au anayemtukana mbele ya watoto, anaweza kuyasoma na kusema: "Umeona? Hata gazeti la Kanisa linasema usinilinganishe na watu wa kwenye vitabu." Hapana, ndugu yangu. Sikusema hivyo.

Katika kila hadithi ya mapenzi kuna vitu vya aina mbili. Kuna pambo na kuna haki. Pambo ni nyumba ya ghorofa, gari jeusi, maua, safari ya ufukweni, mavazi, mwili usiochoka. Haki ni kusikilizwa, kutotukanwa, kutopigwa, kuambiwa ukweli, kuombwa msamaha ulipokosewa, kuheshimiwa mbele ya watu. Mtu akisoma hadithi akarudi nyumbani analalamikia pambo, amedanganywa na anamwonea mwenzake. Lakini akisoma hadithi akagundua kwamba amenyimwa haki kwa miaka mingi, hadithi haikumdanganya. Ilimwambia jambo ambalo lingepaswa kusemwa na wazazi, na majirani, na sisi makatekista.

Mama anayepigwa nyumbani, ambaye furaha yake pekee ni kitabu kilichochakaa anachokisoma kwa mwanga wa simu watoto wakilala, asiambiwe kwamba shida yake ni kitabu. Shida yake inaishi naye na ina jina. Huyo amwone padre au mtu mzima wa kuaminika, na ajue kwamba serikali nayo inatambua madai yake. Iko sheria ya Kenya ya mwaka 2015 inayomlinda mtu dhidi ya ukatili nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumlinda. Tusimwondolee mtu mto wa kulalia kabla ya kuuliza kwa nini halali.

Kipimo cha Mtakatifu Inyasi

Sasa, sisi wengine ambao tuna nyumba za kawaida, zenye mema na mapungufu, tutajuaje kama hadithi inatujenga au inatubomoa? Mtakatifu mwingine wa Hispania anaweza kutusaidia.

Mwezi Mei mwaka 1521 askari mmoja aitwaye Inyasi wa Loyola alivunjwa mguu na mzinga katika vita vya Pamplona. Akalazwa nyumbani kwao kwa miezi mingi. Kwa kuwa alikuwa na uchovu wa kitanda, aliomba aletewe hadithi za mashujaa wapanda farasi, zilezile alizokuja kuzipenda mama yake Teresa. Hazikupatikana. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Basi akawa anaota ndoto za mchana za aina mbili. Saa nyingine aliwaza mambo makubwa ambayo angemfanyia bibi mmoja wa heshima kubwa. Saa nyingine aliwaza kufanya kama watakatifu walivyofanya.

Inyasi akagundua kitu. Ndoto zote mbili zilikuwa tamu alipokuwa ndani yake. Tofauti ilikuja baadaye. Zile za kwanza zilipoisha alibaki mkavu na asiyeridhika. Zile za pili zilipoisha alibaki na furaha. Kutokana na hapo alijifunza kupambanua mambo ya moyo, na mafundisho hayo yamelisaidia Kanisa kwa karne nyingi.

Mpendwa msomaji, chukua kipimo hicho utumie sebuleni kwako. Usiulize tu kama hadithi ni tamu. Utamu wote hufanana ukiwa bado mdomoni. Uliza kilichobaki baada ya runinga kuzimwa. Unapogeuka na kumwona mwenzako amelala kwenye kiti, soksi moja imetoboka, je, unamwona kwa huruma zaidi au kwa dharau? Je, umepata neno jema la kumwambia, au umepata kosa jipya la kumhesabia? Je, kesho ukikosa kipindi kwa sababu mtoto anaumwa, utaweza kucheka, au utawaka hasira kama mtu aliyenyang'anywa chakula? Teresa alitupa dalili hiyo ya mwisho: kukosa raha mpaka upate kipya.

Na hapa ndipo tunapata jibu la swali letu. Kitu ambacho hadithi inaweza kumwibia mwenzako si ile saa moja. Saa hulipika. Kinachoweza kuibwa ni jicho lako, yaani ule uangalifu ambao kwao unamwona mtu halisi uliyepewa, jinsi alivyo leo, pamoja na uchovu wake na mzaha wake uliouzoea. Mgeni mwema huja na zawadi, hula, hucheka nasi, kisha huaga, nasi tunabaki tukipendana kidogo zaidi. Mwizi huondoka na kitu, na mara nyingi hatujui kimeondoka mpaka tukitafute.

Mashauri machache

Kwa anayependa hadithi: usizifiche. Furaha ndogo isiyo na dhambi ikifichwa hugeuka kuwa siri, na siri huzaa mashaka. Toa kitabu kwenye debe la unga ukiweke mezani. Hadithi ambayo huwezi kumsimulia mwenzako hata kwa maneno matano ichunguze vizuri.

Kwa mwenzake: rudisha betri. Usishindane na mtu wa kivuli, kwa maana kivuli hakishindwi. Keti kando yake siku moja, hata kama kipindi hukipendi, uulize: "Huyu naye amefanya nini?" Utashangaa. Natani yuko hapo. Wanandoa walioshindwa kwa miaka kuzungumza juu ya fedha au juu ya wakwe huweza kuyazungumza kupitia watu wa tamthilia: "Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje?" Hakuna anayeshtakiwa, na bado ukweli umesemwa.

Kwa wote wawili: wekeni mipaka mkiwa wawili, si mmoja akimwekea mwenzake. Runinga izimwe wakati wa kula na wakati wa sala ya jioni. Simu isiingie kitandani kabla hamjaagana. Tazameni watoto wanaona nini, kwa maana mtoto hajui kutenganisha haki na pambo. Na bwana akipewa Jumamosi yake, bibi naye apewe saa yake bila manung'uniko.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Je, kila mmoja wetu ana wakati wa kupumzika katika juma? Ni upi, na nani anashika kazi wakati huo?

2. Katika hadithi unayoipenda, ni jambo gani linalokugusa zaidi? Je, jambo hilo ni haki au ni pambo?

3. Ni jambo gani tumekuwa tukilidhania bila kuulizana? Tukilitengea dakika tano usiku huu, tutaanza na neno gani?

Jibuni kwa upole, na asiwepo wa kumcheka mwenzake. Mungu abariki nyumba zenu, na tukutane tena mwezi ujao.